Msitu Usiokuwa na Miti

Baba yangu alikuwa bwana misitu. Zaidi ya miaka 30 alitembea na panga, daftari na utepe wa kupimia unene wa miti, kwanza kwenye mashamba ya mitiki ya Longuza kule Muheza, baadaye juu milimani Lushoto. Sasa amestaafu. Miguu inamsumbua, lakini simu anaiweza, na kila Jumapili baada ya adhuhuri tunaongea. Mimi niko Uingereza, nahudumia wazee majumbani mwao: naogesha, natoa dawa, naandaa chai, nafunga mapazia, naondoka kwenda nyumba nyingine.

Baba hajawahi kuniuliza nalipwa kiasi gani. Huniuliza nimeona miti gani.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa mji mdogo mashariki ya Yorkshire, chini ya vilima vinavyoitwa Yorkshire Wolds. Wiki ya pili mwenzangu kazini aliniambia kwamba "wold" ni neno la Kiingereza cha kale, na maana yake ni msitu. Nilifurahi sana, maana nilikuwa nimepata la kumpelekea Baba. Jumapili ile, baada ya shikamoo na marahaba, nikamwambia, "Baba, mwanao anaishi ukingoni mwa msitu."

"Alhamdulillahi. Miti gani?"

Sikujua.

"Ina umri gani? Na nani anavuna?"

Nikamwahidi picha. Kesho yake, katikati ya nyumba moja na nyingine, nikaendesha gari mpaka juu ya kilima, nikashuka. Palikuwa na upepo, mbingu pana, na shayiri mpaka macho yanapoishia. Nyua za miiba zilitenganisha shamba na shamba. Kondoo walikuwa kwenye miteremko mikali ambayo trekta haiwezi kupanda. Miti yote niliyoiona ilikuwa mstari mmoja mwembamba, mbali. Nikapiga picha hivyo hivyo, nikatuma.

Jioni ukaja ujumbe wa sauti. Baba alisema taratibu, kama anavyosema na mtu aliyepotea porini ambaye hataki kumtia hofu. "Mwanangu, picha nimeivuta mpaka mwisho. Naona shayiri. Sasa ni mawili: aliyekupa maana hiyo amekosea, au msitu umekatwa. Kama umekatwa, uliza ulikatwa lini na kwa ajili ya nini. Jina halikai mahali bure."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonipeleka maktaba ya mji siku yangu ya mapumziko. Mtunza maktaba aliniletea kamusi nene ya majina ya mahali, akanionyesha namna ya kuisoma: jina la leo, kisha jinsi lilivyoandikwa kwenye hati za zamani, kisha vipande vyake. Nilidhani nitakaa nusu saa. Nilitoka wanafunga milango.

Mwenzangu hakukosea. Waanglo-Saksoni, wasemaji wa Kiingereza hicho cha kale, walikuwa na neno moja la msitu wakilitamka namna mbili. Kusini, Kent na Wessex, walisema "weald". Katikati na kaskazini walisema "wald". Kadiri karne zilivyopita, irabu ile ya kaskazini ikarefuka na kuzibika mdomoni, "wald" ikawa "wold". Ni njia ile ile iliyoleta maneno ambayo kila mtoto wa shule kwetu anayajua: "ald" ikawa "old", "cald" ikawa "cold". Wold ni mwenzao. Kusini neno lilibaki na sura yake ya zamani, na mpaka leo eneo kubwa la Kent, Surrey na Sussex linaitwa Weald. Kwa hiyo Wold na Weald ni neno moja lililogawana makazi. Upande mmoja likabaki na miti. Upande wa pili, kufikia zama za kati, lilikuwa tayari linamaanisha nchi ya juu iliyo wazi, isiyo na kivuli. Cotswolds, vile vilima vya mawe ya rangi ya asali vinavyopendwa na watalii, navyo ni wold, "wold ya Cod". Cod alikuwa mtu; kilichobaki kwake ni jina hilo tu.

Nilipomsomea Baba haya, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama Wajerumani nao wana neno hilo. Wanalo: Wald. Akacheka kwa furaha. Wakati anaanza kazi, ofisi yao ilikuwa na ramani ya Mjerumani ukutani, karatasi imegeuka rangi ya chai, na neno hilo limetandazwa kwa herufi kubwa juu ya milima yetu. Wajerumani ndio waliopitisha sheria ya hifadhi ya misitu mwaka 1904, na mipaka mingi ambayo Baba alikuja kuilinda ilianzia kwenye karatasi zao. Hakuwahi kujifunza Kijerumani, ila neno hilo moja alilikariri kwa kulitazama kila asubuhi. Hakujua kwamba binti yake angekuja kukaa juu ya pacha wake.

Kuna ndugu mwingine aliyenishangaza zaidi. Waskandinavia wa kale walikuwa na neno "völlr", nalo wataalamu wanalirudisha kwenye shina hilo hilo. Kwao maana yake ni uwanda, uga wa majani. Thingvellir, mahali ambapo bunge la Iceland lilianza kukutana mwaka 930, ni uwanda wa baraza. Bunge la kisiwa cha Man linaitwa Tynwald, na mtu anayejua Kijerumani kidogo angeapa kwamba kuna msitu ndani ya jina hilo. Hakuna, ni ule ule uwanda wa baraza. Shina moja, nyumba moja likawa msitu, nyumba nyingine likawa uwanja. Kumbe yaliyotokea Yorkshire yalikuwa yameshatokea kwingine.

Lakini Baba hakuwa ameuliza habari za irabu. Aliuliza lini, na kwa ajili ya nini.

Jibu la kwanza nililipata kwa miguu. Kuna kijiji juu ya Wolds kinaitwa Wharram Percy ambacho hakuna anayeishi. Unaacha gari, unashuka njia ya matope, unakuta kanisa lisilo na paa na matuta ya nyasi. Matuta hayo ndiyo nyumba. Wanaakiolojia wakiongozwa na Maurice Beresford na John Hurst walichimba pale kila kiangazi kuanzia 1950 mpaka 1990, na kazi yao ndiyo iliyofanya kijiji hiki kijulikane. Watu wa zama za kati walilima pale vizazi kwa vizazi. Muda mfupi baada ya mwaka 1500 familia za mwisho ziliondolewa ili ardhi iwe malisho ya kondoo, kwa sababu sufu ililipa kuliko nafaka. Kondoo wakatawala. Halafu karne ya 18 wenye ardhi kama Sir Christopher Sykes wa Sledmere wakaweka nyua na kuyalima tena malisho, na hiyo ndiyo shayiri niliyompigia Baba picha. Nilisimama kwenye tuta lililokuwa ukuta wa jikoni ya mtu, nikiwa na chakula changu kwenye kopo. Sikuweza kula pale.

Kwa hiyo shayiri ilikuja baada ya kondoo, kondoo baada ya wakulima, na wakulima walikuja baada ya miti. Hilo linaelezeka. Lililonisumbua ni kwa nini jina lilivuka yote hayo bila kudondoka. Miti ilipoondoka, watu wangeweza kupaita kwa jina lingine. Maelezo niliyoyasoma, na ambayo nayaamini, ni kwamba "wald" tangu mwanzo halikuwa msitu wa giza usiopitika. Lilikuwa nchi ya miti na majani iliyo mbali na vijiji, ambako watu walipeleka mifugo kwa msimu na kuokota kuni, kisha wakarudi nyumbani. Aliyesema "naenda wald" alikuwa anakwenda kuchunga. Basi Yorkshire miti ilipopungua, vilima vilikuwa vile vile, na kuchunga kukabaki. Msemaji hakuhisi neno lake limebadilika. Baba yake alisema wald akionyesha kilima kile, naye akasema wald akionyesha kilima kile.

Baba alielewa haraka kuliko mimi. "Hata kwetu," aliniambia, "ndani ya mpaka wa hifadhi kulikuwa na mabonde ya majani matupu, na kwenye ramani pote paliandikwa msitu. Mgeni akija anauliza miti iko wapi. Na nyika je? Sisi wa mlimani tukisema nyika tunaonyesha kidole kule chini, tambarare, kwenye ukame. Mtu wa huko chini haiti nyumbani kwake nyika."

Baada ya miaka miwili nilihamia Kent, na kampuni niliyofanyia kazi ilinipa mzunguko wa vijiji kusini mwa Ashford. Asubuhi ya kwanza niliendesha chini ya mialoni iliyokutanisha matawi juu ya barabara, na barabara yenyewe imezama kati ya kingo mbili za udongo zilizonipita urefu, mizizi ikining'inia. Nikajua niko upande wa pili wa lile neno. Nilisimama kwenye lango la shamba, nikampigia Baba picha hata kabla ya kuandaa chai ya mgonjwa wangu wa kwanza.

Huyo wa kwanza ndiye aliyenifundisha mengine. Alikuwa na miaka 88, mjane, mkali asubuhi, mpole ikifika saa nne. Maisha yake yote alikata miti na kutengeneza nyua. Hakupenda kuogeshwa na mgeni, na wiki mbili za mwanzo alinijibu kwa kichwa tu. Siku moja nilikuwa namwambia nitachelewa kesho kwa sababu naanzia Smarden. Nililitamka kama Mswahili anavyotamka, nimekaza silabi ya kabla ya mwisho. Akageuka. "Smar-DEN," akasema. Akaendelea bila kuulizwa: Tenter-DEN, Benen-DEN, Bidden-DEN, Horsmon-DEN. Mgeni hujulikana kwa kukaza mahali pasipo pake, na wageni hao, alisema, ni pamoja na watu wa London. Tangu siku hiyo tulikuwa na mazungumzo.

Ile "den" ndiyo iliyofungua Weald kwangu. Kwa Kiingereza cha kale cha Kent, "denn" lilikuwa lisho la nguruwe ndani ya msitu. Vijiji vya zamani vilikuwa kaskazini na mashariki, kwenye ardhi nzuri karibu na bahari na mito. Kila jamii ilikuwa na denn yake ndani kabisa ya Weald, pengine kilomita 30 au 50 kutoka nyumbani. Vuli ilipofika na mialoni kuangusha mbegu, wachungaji waliswaga nguruwe mpaka huko, wakakaa majuma kadhaa wakiwanenepesha, wakarudi kabla ya baridi kali. Tenterden ni denn ya watu wa Thanet, na Thanet iko kwenye ncha ya mashariki ya Kent, upande wa pili wa jimbo! Wachungaji wale walitembea mwaka hadi mwaka, baadhi wakaacha kurudi, wakajenga, wakalima. Kambi ya nguruwe ikawa mji wenye kanisa na soko.

Mwenye gari hulijua hili hata bila kusoma. Katika mzunguko wangu, njia za kutoka kaskazini mashariki kwenda kusini magharibi zilininyookea. Nikitaka kukatisha kutoka mashariki kwenda magharibi, nilizunguka, nikapinda, nikachelewa, na simu ya kuonyesha njia ikanipeleka kwenye vichochoro vya matope. Barabara nyingi za Weald zilichorwa na kwato. Nguruwe na mikokoteni ndio waliozizamisha kwenye udongo mzito wa mfinyanzi mpaka zikawa mifereji. Ratiba yangu ya dawa za wazee ilikuwa inafuata mwendo wa wachungaji wa miaka 1,200 iliyopita.

Nilisita kumwambia Baba habari za nguruwe. Sisi ni Waislamu wa Muheza, na Baba ni mtu wa swala tano. Nilipomaliza kueleza alikaa kimya, nikadhani nimemkera. Kisha akauliza, "Na msitu uliwachukua nguruwe wangapi?" Nikamwambia kwamba hilo hilo ndilo waliloandika. Mwaka 1086, mfalme William alipohesabu mali ya Uingereza kwenye kitabu cha Domesday, misitu mingi ya kusini iliandikwa kwa idadi ya nguruwe: msitu wa nguruwe 50, msitu wa nguruwe 100. Vijiji vingi vya Weald havikutajwa hata kwa majina, kwa sababu vilihesabiwa chini ya vijiji mama vya mbali. Baba alipenda sana kipimo hicho. Alisema kazini alipima kwa mita za ujazo, lakini wanakijiji siku zote walimwambia msitu unatosha mbuzi wangapi, mizinga mingapi.

Ukubwa wa Weald ya kwanza umeandikwa. Kitabu cha matukio ya miaka cha Waanglo-Saksoni, kikisimulia habari za mwaka 892, kinasema msitu ule ulikuwa na urefu wa maili 120 au zaidi na upana wa maili 30. Kwa vipimo vyetu ni kama kilomita 193 kwa 48. Mwanahistoria wa misitu Oliver Rackham alikadiria kwamba wakati wa Domesday ni asilimia 15 tu ya Uingereza iliyokuwa na miti. Nilishtuka, maana nilidhani zamani pote palikuwa msitu. Weald ilikuwa kubwa kuliko misitu yote iliyosalia, na ilikuwa na sifa yake. William Caxton, mtu wa kwanza kuchapa kitabu kwa Kiingereza, alizaliwa humo, na katika utangulizi wa kitabu hicho alijieleza kwamba Kiingereza chake alijifunza Kent, kwenye Weald, ambako wanaongea lugha nzito na isiyo na madaha. Nilimsomea mzee wangu maneno hayo. Alifurahi, akasema Caxton alikuwa kijana wa nyumbani.

Nikiwa nimenogewa, nilianza kusoma kila kibao. Goudhurst, Staplehurst, Hawkhurst: "hurst" ni kilima chenye miti, na nikakumbuka jina la ukoo la yule mwanaakiolojia wa Wharram Percy. Hapo ndipo nilipoteleza. Mama mdogo anaishi Walthamstow, mashariki ya London, kwenye mtaa unaotawaliwa na halmashauri ya Waltham Forest. Waltham ni wald na ham, makazi ya msituni. Kwa hiyo jina la halmashauri lina msitu mara mbili, mmoja wa Kianglo-Saksoni na mmoja wa Wanormani, watu wa mfalme William. Nikampigia mama mdogo kumpa habari kwamba naye anakaa ndani ya neno letu. Nilimwambia kwa uhakika kabisa, akawaambia na wenzake msikitini. Baadaye nikakuta kwamba Domesday inaandika Walthamstow kama Wilcumestou, mahali patakatifu pa ukaribisho au pa mwanamke aitwaye Wilcume. Halina wald hata chembe; limevaa tu mavazi ya jirani yake. Ilibidi nimpigie tena mama mdogo, naye akarudi kuwaambia wenzake. Hata "den" ina pacha wa uongo: kwingine Uingereza imetokana na neno la bonde. Tangu siku hiyo simwambii mtu maana ya jina kabla sijaona jinsi lilivyoandikwa mwanzo.

Na huo "forest" wenyewe si miti. Wanormani walipolileta neno hilo, lilimaanisha eneo lililo chini ya sheria ya mfalme ya kuwinda, liwe na miti au lisiwe nayo. Ashdown Forest, katikati ya Weald, sehemu yake kubwa ni uwanda wa vichaka vifupi. Nilipomweleza Baba alisema, "Basi Wanormani ni wenzetu wa idara." Alimaanisha. Kwa bwana misitu, msitu ni mpaka na sheria kwanza, kisha kinachoota ndani.

Sevenoaks, mji wa mialoni saba, upo kaskazini magharibi ya mzunguko wangu. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987 dhoruba iliangusha miti inayokadiriwa kufika milioni 15 kusini mwa Uingereza, na katika mialoni saba iliyopandwa pale uwanjani mwaka 1902, sita ikalala chini. Mji haukubadili jina. Walipanda mingine. Mzee wangu aliukumbuka usiku ule. Asubuhi yake, alisema, hakutambua njia ya kwenda kazini kwake.

Mwezi wa kumi na moja aliniomba nimsukume kwenye kiti cha magurudumu mpaka ukingoni mwa msitu aliokuwa anaukata. Matope yalitushinda katikati, lakini tulifika pa kuonea. Ilikuwa miti ya chestnuti, na sijawahi kuona miti ya namna ile: kutoka kila kisiki kinene, kipana kama meza ya kulia, yanatoka mashina sita, saba, kumi, yamenyooka. Nilipiga picha nyingi.

Nilijua Baba atapiga simu mwenyewe, asingoje Jumapili. Alipiga usiku huo huo.

"Hii imekatwa mara nyingi sana," alisema. "Tazama kisiki. Kisiki kina umri kuliko mti." Mitiki yao kule Longuza nayo huchipua hivyo ikikatwa chini vizuri, unachagua machipukizi mawili, unaondoa mengine. Alitaka kujua hapa wanayaacha yote kwa nini. Nikamuuliza mzee kwa niaba yake. Alijibu kwamba yakibanana hunyooka, na wao walitaka fito nyembamba zilizonyooka, za nyua na za kupandishia mihopi, ule mmea wa bia. Walikata kila miaka 15 hivi, kitalu baada ya kitalu, wakazungushia ua kulungu na ng'ombe wasile machipukizi. Kabla ya hapo, babu zao walikatia mkaa wa tanuri za chuma. Tanuri kubwa ya kwanza ya kuyeyusha chuma Uingereza ilijengwa Newbridge, pale pale Ashdown, mwaka 1496, na kwa miaka karibu 300 Weald ilitoa mizinga ya vita na vyuma vya majikoni.

Hapa Baba alinikatiza. Mkaa ndio vita vya maisha yake. Amekamata magunia ya mkaa usiku, amewaona watu anaowafahamu wakilia mbele ya hakimu. Aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka jibu la kweli, "Walichoma mkaa miaka 300 na msitu upo?" Ndiyo, upo. Rackham amelieleza vizuri: mwenye tanuri alihitaji kuni za mwaka huu, na za miaka 15 ijayo, na 30 ijayo, kwa hiyo alilinda kisiki. Msitu ulioondoka kwa wingi ni ule ulioonekana hauna kazi, ukang'olewa mpaka mizizi ili palimwe. Baba hakusema kitu kwa muda. Nikasikia anamwambia Mama, kando ya simu, "Walilinda kisiki." Akalirudia.

Mzee naye alikuwa na swali lake. Nimemsumbua na weald mwaka mzima, sisi tunaiitaje? Nilimjibu msitu, nikaona halikukaa sawa. Msitu nikilisikia ni geti la hifadhi na kibao cha onyo. Pori ni pa kupotea. Nikalipeleka kwa Baba, akalala nalo siku mbili. Jibu lake lilikuwa "mwitu".

Nilikuwa nimelisahau kama neno la mahali. Siku hizi mwitu limebaki nyuma ya majina ya wanyama: paka mwitu, mbwa mwitu, na kama Mungu apendavyo, nguruwe mwitu. Ukimuuliza mtoto atakuambia maana yake ni "asiyefugwa". Lakini bibi yangu alikuwa akisema anakwenda mwituni, akimaanisha kule anakochuma mboga, anakookota kuni, anakojua kila njia, na anakorudi kabla ya magharibi. Nalo limetoka kwenye miti likahamia kwingine, polepole, midomoni mwetu wenyewe, na mimi niliyekwenda maktaba ya ugenini kutafuta wold sikuwa nimeliona.

Nikamfundisha mzee. Akalikaza mwisho, kwa mazoea ya kwao: "Mwi-TU." Nikamrekebisha kama alivyonirekebisha Smarden, akajaribu tena na tena huku namfunga vifungo vya koti.

Januari hii jirani mwenye ule msitu ameanza kuukata. Ulikuwa umechelewa, mzee anasema, mashina yalishakuwa mazito kupita kiasi. Sauti ya msumeno inafika mpaka dirishani kwake, na anaomba dirisha liachwe wazi kidogo hata kwenye baridi. Jana nilirekodi dakika moja nikamtumia Baba. Aliisikiliza mara mbili, kisha akauliza kama wanakata chini ya kutosha, na kama wamekata kwa mteremko, ili mvua isituame juu ya kisiki. Nimemwahidi nitakwenda kuangalia Jumamosi.